Wimbo Uliogunduliwa na Wimbo Uliohudhuriwa: Albamu Huru, Jukwaa na Hadhira katika Taarabu na Singeli

Ikisiri

Makala haya yanahakiki uhusiano kati ya albamu zinazotolewa na lebo huru na maonyesho ya jukwaani katika tanzu mbili za muziki wa Waswahili, yaani taarabu na singeli. Yakiongozwa na mtazamo wa utendaji katika fasihi simulizi, yanadai kwamba albamu na onyesho ni matini mbili tofauti, na kwamba njia inayomfikisha msikilizaji kwenye wimbo ndiyo huamua iwapo neno litabaki kuwa kiini cha wimbo huo au litageuka kuwa sauti miongoni mwa sauti nyingine.

1. Utangulizi

Uhakiki wa ushairi wa Kiswahili umezoea kuukuta wimbo ukiwa umekwisha kuandikwa. Diwani, hati za kale na mikusanyo ya tungo ndiyo imekuwa mlango wa mhakiki. Hata hivyo, sehemu kubwa ya tungo zinazozaliwa leo Unguja na Dar es Salaam haipitii karatasini. Humfikia mpokeaji kwa njia mbili: albamu inayosikilizwa kwa simu au kompyuta, na onyesho linalohudhuriwa ukumbini, kiwanjani au uchochoroni. Njia ya kwanza imepanuliwa na lebo huru, yaani kampuni ndogo za kurekodi zisizokuwa chini ya mashirika makubwa ya muziki, ambazo hutafuta muziki wa mahali fulani na kuufikisha kwa wasikilizaji waliotawanyika duniani.

Mchakato huu huelezwa mara nyingi kwa neno moja: ugunduzi. Albamu imegunduliwa, msanii ameibuliwa. Neno hilo linaficha maswali mawili. La kwanza ni nani anayegundua, kwa kuwa wimbo unaodaiwa kugunduliwa huwa tayari una watu wake wanaoujua. La pili, ambalo ndilo kiini cha makala haya, ni iwapo kinachogunduliwa ni kile kile kilichokuwa kikiimbwa.

2. Kinachobaki na kinachoondoka

Mulokozi (1989) anaieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio linalofungamana na muktadha, na anautaja muktadha huo kwa vipengele sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Vipengele hivi vimefundishwa kwa miaka mingi katika vyuo vya Afrika Mashariki, lakini hutumiwa zaidi kwa ngano, ngoma na majigambo kuliko kwa muziki wa mjini. Vikitumika kwa albamu, picha inayojitokeza ni bayana. Fani inayotendwa hubaki, na sauti ya fanani hubaki. Tukio, mahali na wakati huondolewa na kuwekewa vingine. Hadhira, nayo, hubadilika kabisa: kutoka watu wanaoonana na mwimbaji hadi watu ambao mwimbaji hatawajua kamwe.

Uzito wa badiliko hilo huonekana katika taarabu kuliko katika tanzu nyingi. Askew (2002), katika utafiti wake uliojikita Tanga, anaonyesha kwamba kutunza ni zaidi ya kumlipa mwimbaji. Mhudhuriaji huchagua mshororo wa kuinukia, hujongea mbele na pesa mkononi, na kwa kuinuka wakati huo huufanya mshororo kuwa kauli yake kwa mtu mwingine aliyeketi ukumbini humo humo. Mtunzi alifumba, mhudhuriaji ndiye anayeamua fumbo linamlenga nani. Kwa hiyo maana ya wimbo hukamilishwa usiku ule, na usiku unaofuata huweza kukamilishwa vingine. Rekodi haiwezi kuubeba mwinuko huo. Mshororo uliowatikisa wahudhuriaji na mshororo uliowapita kimyakimya husikika ndani ya albamu kwa uzito ule ule.

3. Santuri mbili: 1928 na 2020

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba kurekodi ndiko kunakouharibu wimbo. Historia hairuhusu hitimisho hilo. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zao. Shaaban Robert, aliyemwandikia wasifu, anamchora kama mwanamke aliyetoka katika ufukara wa shamba hadi kupata heshima iliyowanyamazisha waliomdharau. Kwa hoja ya makala haya, jambo la kuzingatia ni soko la santuri hizo. Nyimbo ziliimbwa kwa Kiswahili, ilhali taarabu ya kasri ilikuwa imezoea Kiarabu, na zilikusudiwa wasikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki wenyewe. Santuri ilimtenga mwimbaji na hadhira yake kwa masafa, lakini haikumtenga nayo kwa lugha. Aliyeketi mkahawani na kusikiliza aliweza kufumbua fumbo lile lile lililofumbwa Ng'ambo ya Unguja.

Wimbo wa "Kijiti" unaonyesha jambo hili vizuri. Kwa mujibu wa Fair (2001), wimbo huo unatokana na kisa cha kweli cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Mtuhumiwa alikimbilia bara, na mkono wa sheria ukawaangukia wanawake waliofika kutoa ushahidi. Msikilizaji wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa. Alikijua kisa, aliwajua wahusika kwa majina, na aliijua hofu ya mnyonge mbele ya hakimu wa kikoloni. Wimbo ulikuwa rufaa iliyosikilizwa baraza kwa baraza baada ya mahakama ya serikali kuifunga kesi.

Mwaka 2020 lebo huru ya London, On the Corner, ilitoa Siti of Unguja, albamu ya Siti Muharam ambaye ni kitukuu wa Siti binti Saad. "Kijiti" imo. Mohamed Issa Matona, fundi wa fidla na udi, alihusika kuuongoza muziki wake, na Sam Jones alikuwa mtayarishaji. Kisanaa ni kazi ya kuheshimiwa. Siti Muharam hajaribu kuiga sauti ya bibi mzaa babu zake. Sauti yake hutanda taratibu, na utayarishaji unaiachia nafasi pana kati ya mshororo na mshororo. Mapokeo yanaonekana yakiwa hai, si yakiwa yamehifadhiwa kabatini.

Hata hivyo, mwelekeo wa santuri hii ni kinyume cha ule wa 1928. Jina la albamu ni la Kiingereza, na maelezo yanayoinadi kwa wanunuzi ni ya Kiingereza. Santuri, ambayo kwa wengi katika miji ya pwani imekwisha kuwa kumbukumbu ya nyumba za wazee, imerejea ikiwa bidhaa ya wakusanyaji wa mbali. Msikilizaji asiyejua Kiswahili huingia katika albamu kwa mlango wa wasifu, yaani habari za Siti binti Saad na ujasiri wake, wala si kwa mlango wa mshororo. Anaambiwa kwamba mwimbaji huyo alikuwa sauti ya wanyonge, lakini "Kijiti" yenyewe, ambayo ndiyo ushahidi wa dai hilo, humpita ikiwa huzuni tamu isiyo na mashtaka. Rufaa imebaki, ila imesomwa mbele ya baraza lisiloielewa lugha yake.

Tofauti kati ya santuri hizi mbili, basi, haiko katika teknolojia. Iko katika hadhira iliyokusudiwa. Huo ni ufafanuzi muhimu, kwa sababu unaondoa lawama kwenye mashine na kuiweka mahali inapoweza kujadiliwa: katika uamuzi wa nani aandikiwe, kwa lugha gani, na nini kiambatanishwe na sauti.

4. Singeli na orodha mbili za magwiji

Singeli ina deni kwa taarabu. Ilikulia katika mitaa ya watu wa kipato cha chini jijini Dar es Salaam, kwenye sherehe za usiku ziitwazo vigodoro, ambako waghani, wanaojulikana mitaani kama maemsii, walighani juu ya vipande vya ala vya taarabu ya kisasa vilivyorudiwarudiwa na kuongezwa mwendo. Ilichota pia katika mchiriku. Mapigo yake hupita 200 kwa dakika na mara nyingine hukaribia 300. Katika kasi hiyo mghani huchombeza, huwataja waliopo, husimulia shida za kodi na mapenzi, na huwashindanisha wachezaji. Tukio, mahali na wakati humo ndani ya maneno yenyewe.

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa Sounds of Sisso, uliotokana na studio ya Sisso iliyopo Mburahati. Mkusanyo huo una sauti za waghani. Zikafuata Poaa ya Bamba Pana na Tatizo Pesa ya Jay Mitta mwaka 2018, kisha Mateso ya Sisso na Uingizaji Hewa ya Duke mwaka 2019. Majina yaliyo kwenye majalada haya ni ya watayarishaji, yaani mafundi wa mapigo. Nchini Tanzania, kinyume chake, anayetaja singeli hutanguliza waghani kama vile Msaga Sumu na Man Fongo. Kwa hiyo utanzu mmoja umepata orodha mbili za magwiji: moja ya nyumbani inayojengwa juu ya neno, na moja ya nje inayojengwa juu ya mdundo. Anayeigundua singeli kwa albamu za nje na anayeigundua kwa kigodoro huweza kuzungumza kwa muda mrefu bila kugundua kwamba hawazungumzii watu wale wale.

Majina ya albamu yenyewe yanaonyesha pengo hilo. Kwa msemaji wa Kiswahili, Tatizo Pesa ni sentensi nzima: ni lalamiko, na pia ni jibu lililokwisha kuzoeleka kwa kila anayeulizwa hali. Uingizaji Hewa ni istilahi ya mafundi wa majengo iliyohamishiwa kwenye muziki unaokata pumzi, na kejeli yake humfikia papo hapo anayejua maneno hayo. Kwa asiyeijua lugha, yote mawili ni lebo za kutambulisha bidhaa.

Pamoja na hayo, orodha ya nje ina funzo kwa uhakiki wa nyumbani. Kwa kuupa mdundo hadhi ya kazi inayojitegemea, albamu hizi zinakumbusha kwamba mtayarishaji naye ni fanani. Mhakiki anayechukua tungo za singeli na kuzichambua kama mashairi ya kwenye ukurasa hurudia kosa lile lile kwa upande wa pili: huondoa kasi, na kasi ndiyo inayoamua urefu wa mshororo, mkato wa pumzi na mahali pa takriri.

5. Jukwaa nalo si moja

Inaweza kudaiwa kwamba suluhisho ni kuhudhuria, na kwamba onyesho ndilo wimbo halisi. Dai hilo linahitaji tahadhari, kwani si kila jukwaa lina hadhira ya namna moja. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na ambalo Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe imekuwa kitovu chake, huwakutanisha wenyeji na wageni mbele ya jukwaa lenye ratiba na tiketi. Kikundi cha taarabu kinachopiga hapo hupimiwa muda wake, na kutunza hupungua au hugeuka kuwa mapambo. Kwa mtazamo wa vipengele vya Mulokozi, onyesho la aina hiyo liko karibu na albamu kuliko lilivyo karibu na harusi ya Ng'ambo, ingawa mwimbaji anaonekana kwa macho.

Majukwaa haya pia ni dhaifu. Tamasha hilo halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Unguja mwaka 2002 na ambacho wanafunzi na walimu wake wamekuwa wakitumbuiza mjini, nacho kimepitia vipindi vya ukata. Kutokana na chuo hicho kulichipuka Siti and the Band, ambao mwaka 2018 walitoa albamu ya Fusing the Roots. Kisa hiki kinaonyesha kwamba albamu na jukwaa hulishana: onyesho humpa msanii hadhira ya kwanza, na albamu humpa sababu ya kualikwa katika onyesho linalofuata. Anayezidharau albamu kwa jina la uhalisia huenda akawa anakata tawi ambalo waimbaji wenyewe wamelikalia.

6. Hitimisho

Hoja ya makala haya si kwamba wimbo uliohudhuriwa ni bora kuliko uliogunduliwa. Ni kwamba mhakiki hana haki ya kuhukumu mmoja kwa ushahidi wa mwingine. Kutokana na hoja hiyo yanafuata mambo matatu ya kiutendaji. Kwanza, anayenukuu wimbo wa taarabu au singeli hana budi kutaja toleo analolinukuu: rekodi ya mwaka gani na ya nani, au onyesho la wapi na lini, kama vile mwanafilolojia anavyotaja hati. Pili, anayechunguza onyesho hana budi kurekodi matendo ya hadhira pamoja na maneno ya mwimbaji, maana bila kujua nani aliinuka na katika mshororo upi, nusu ya matini imepotea. Tatu, maneno ya nyimbo zinazotolewa na lebo huru yanastahili kunukuliwa na kuchapishwa kwa Kiswahili, kwa idhini ya watunzi wake na kwa majina yao, kabla ya kufasiriwa kwa lugha yoyote nyingine.

Jambo la tatu ndilo la haraka zaidi. Rekodi za sauti zinaongezeka, na wanaozisikiliza nje wanaongezeka, ilhali watu wanaoweza kueleza fumbo fulani lilimlenga nani wanapungua kila mwaka. "Kijiti" imeendelea kueleweka kwa karibu karne moja kwa sababu walikuwapo waliokumbuka kisa chake, na baadaye akatokea aliyekiandika. Nyimbo zinazoghaniwa usiku huu Mburahati hazina dhamana hiyo. Zitawafikia wasikilizaji wa mbali zikiwa na mapigo yake yote. Iwapo zitawafikia na maana yake ni kazi inayowangoja wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, ambao baadhi yao wanaishi mwendo mfupi wa daladala kutoka mahali zinapoghaniwa.