Mnyoo, Mti na Maradhi ya Kusahau

Mnyoo aitwaye Caenorhabditis elegans, ambaye urefu wake ni kama milimita moja na ambaye neva zake zina seli 302 tu, kwa maumbile yake hapatwi na maradhi ya Alzheimer. Kwa hiyo mtaalamu atakaye kumjaribia dawa za miti sharti kwanza amtwike sehemu ya msiba huo wa wanadamu. Ndivyo alivyofanya Christopher Link wa Marekani, aliyetangaza mwaka 1995 kwamba amewatia minyoo jeni ya mwanadamu, nayo misuli yao ikawa inatengeneza amiloidi-beta, ile protini igandamanayo katika bongo za wagonjwa. Katika ukoo mwingine wa minyoo hao, joto likipandishwa kutoka nyuzi 16 hadi kupita 20, jeni huamka, na baada ya siku moja na kitu kupooza huanza. Mpimaji humgusa kila mnyoo kwa ncha ya waya wa platini: mzima huserereka akaenda zake, na aliyepooza hutikisa kichwa tu, nacho kimezungukwa na duara tupu, kwa kuwa amekwisha kula bakteria wote aliowafikia.

Mwaka 2006 Yuan Luo na wenzake walionyesha kwamba dondoo ya majani ya ginkgo, mti wenye asili ya China, huchelewesha kupooza huko. Lililonipendeza zaidi ni kwamba hawakuridhika na nafuu hiyo. Wengi walidhani dondoo hufaa kwa kuondoa sumu ya haidrojeni peroksaidi mwilini. Basi wakawapa minyoo wengine vitamini C, ikaipunguza sumu hiyo kwa kadiri ile ile, wala isiwakinge na kupooza kama ilivyowakinga dondoo. Kwa hila hiyo moja, maelezo yaliyozoeleka yakabainika kuwa hayatoshi.

Hata hivyo, msuli wa mnyoo si ubongo wa mzee. Dondoo hiyo hiyo ilipojaribiwa Marekani kwa watu 3,069 wenye miaka 75 na zaidi, miligramu 120 mara mbili kwa siku, kwa muda wa miaka 6 hivi, matokeo ya mwaka 2008 yalidhihirisha kwamba haikupunguza idadi ya waliopatwa na maradhi ya kusahau.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiletewa habari ya mzizi au jani lililomponya mnyoo, nawe una mzazi asiyekumbuka tena jina lako, uliza kwanza sahani ya pili, ile ya minyoo wa kulinganishwa nao, ilitiwa nini, kisha uulize kama mwanadamu yeyote amekwisha kujaribiwa.