Chumvi ya Maarib na Shaba ya Kolwezi

Tuingie katika jambo ambalo makhatibu wetu hulitaja mimbarini bila kulichambua: China na madini ya Afrika. Husema "ni mikopo ya riba", kisha huteremka. Riba ipo, na uharamu wake hauna mjadala. Lakini mkataba wenyewe haukusomwa.

Tuchukue mkataba wa Sicomines, wa shaba na kobalti ya Kolwezi, Congo, uliotiwa saini mwaka 2008. Makampuni ya Kichina yalipata hisa 68 kwa mia, upande wa Congo 32. Badala yake zingejengwa barabara na hospitali, ambazo hatimaye zilikadiriwa dola bilioni 3, na deni lilipwe kutokana na faida ya machimbo. Februari 2023 wakaguzi wa fedha wa Congo walitangaza kuwa zilizokwisha kutumika ni dola milioni 822 tu.

Mtume (S.A.W.) amekataza kuunganisha mkopo na mauzo. Maulamaa wameieleza sababu: mkopeshaji hujilipa ndani ya bei, na mkopaji hajui ametozwa kiasi gani. Ushirika wa machimbo si mauzo hasa, lakini sababu ni ile ile. Mkopeshaji, mjenzi wa barabara na mwenye hisa kubwa wametoka nyumba moja. Nani basi atamhesabia mwenzake?

Kisha iko hadithi ya Abyadh bin Hammal (R.A.), waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi. Aliomba apewe chumvi ya Maarib, akapewa. Alipoondoka, mtu mmoja akamweleza Mtume (S.A.W.) kwamba alichompa ni mfano wa maji yasiyokatika. Mtume (S.A.W.) akairudisha.

Wapo watakaosema shaba si chumvi, na wamesema kweli. Sisi Mashafii tunatenga madini ya dhahiri na yale ya ndani yanayohitaji kazi na gharama, na haya ya pili kiongozi anaweza kumpa mtu ayachimbe. Wamaliki nao huyaweka madini chini ya mamlaka ya imamu, hata yakipatikana katika shamba la mtu. Hata hivyo, madhehebu yote mawili yanamfunga kiongozi kwa maslahi ya raia, na Abyadh ni dalili kwamba kilichotolewa kabla ya hakika kujulikana hurudiwa. Kwa hiyo wanaowalaumu Wachina peke yao wamemsahau aliyetia saini. Mfanyabiashara hutafuta faida yake. Mwenye amana alikuwa ni yule wa Kinshasa.

Machi 2024 mkataba ulirudiwa kweli. Ujenzi ukapandishwa hadi dola bilioni 7, kwa malipo ya dola milioni 324 kila mwaka, ikiwa tu bei ya shaba imezidi dola 8,000 kwa tani. Malipo yamening'inizwa juu ya bei ya soko ambayo hakuna aijuaye kesho itakuwaje, na hiyo ni gharari. Mgao wa 68 kwa 32 haukuguswa.