Zoezi la Nyumbani au Kazi za Nyumbani? Istilahi katika Kurasa za Kuwasaidia Watoto Masomo

Utangulizi

Mtoto wa shule ya msingi anaporudi jioni na daftari lake la Hisabati, siku hizi hamtegemei kaka au shangazi pekee kumwelekeza. Ikiwa nyumbani mna simu yenye intaneti ataiazima, aandike swali lake, na kabla chai haijapoa atakuwa amepata jibu, tena kwa Kiswahili. Shule zilipofungwa nchini Tanzania kuanzia Machi hadi mwishoni mwa Juni 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, wazazi wengi walilazimika kuitafuta njia hiyo, na baadhi yao hawakuiacha tena.

Jambo hili ni la heri, nasi hatuna nia ya kulibeza. Lakini maadamu kurasa hizo zimekuwa mwalimu wa pili wa mtoto, hatuna budi kuuliza kama mwalimu huyo anasema lugha ile ile inayosemwa darasani. Katika makala haya hatutahakiki picha wala rangi za tovuti hizo. Tutahakiki istilahi zake. Tovuti zenye makosa hatutazitaja kwa majina, kwani makosa yenyewe yameenea, na kumtaja mmoja kungekuwa kuwatakasa wengine bure.

Jina la shughuli yenyewe

Tuanze na jina. Kurasa nyingi tulizozipitia zinajitangaza kuwa zinatoa "msaada wa kazi za nyumbani". Msomaji wa Kiswahili akisikia "kazi za nyumbani" hufikiri kufua, kupika, kuosha vyombo na kuteka maji. Na "msaidizi wa kazi za nyumbani" ni mtumishi anayelipwa mshahara. Mzazi aliyesoma tangazo kama hilo haraka haraka ana haki ya kudhani kwamba anatafutiwa mtumishi. Kwa mtoto wa kike mgongano huu si wa mzaha, kwa kuwa kazi za nyumbani za maana ya kwanza ndizo mara nyingi zinazomnyima nafasi ya kufanya zile za maana ya pili.

Wako wanaopendekeza "kazi ya ziada". Neno hilo halifai, kwa sababu anachopewa mtoto akafanyie nyumbani si nyongeza, bali ni sehemu ya somo. Wengine husema "mazoezi ya nyumbani", lakini wingi huo umekwisha kutekwa na wanaonyoosha viungo. Kwa maoni yetu "zoezi la nyumbani", katika umoja wake, ndilo linalofaa kushikwa: neno zoezi limekaa katika vitabu vya shule kwa muda mrefu, na mtoto hahitaji kufafanuliwa. Watoto wenyewe husema "homuweki", nasi hatuwakatazi. Tunachotaka ni kwamba ukurasa unaofundisha uwe na neno lisiloleta utata.

Istilahi za Hisabati

Hapa ndipo penye hasara kubwa. Kurasa nyingi hazikuandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Ziliandikwa kwa Kiingereza, kisha zikapitishwa katika mashine ya kutafsiri bila ya kukaguliwa na mtu. Matokeo yake ni kwamba namba 3, 5 na 7 zinaitwa "namba zisizo za kawaida", kwa kuwa Kiingereza hutumia neno moja kwa namba isiyogawanyika kwa mbili na kwa kitu cha ajabu. Tumekuta pia "hata namba" pahali pa namba shufwa, "namba kuu" pahali pa namba tasa, na "maana" pahali pa wastani.

Mwalimu mmoja alitusimulia kisa cha mwanafunzi aliyeandika katika daftari kwamba 9 ni namba isiyo ya kawaida. Mwalimu akamkosesha. Kesho yake baba akafika shuleni na simu mkononi, kuonyesha kwamba mwanawe amenakili kama ilivyoandikwa, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyelipia kifurushi cha intaneti. Mwalimu hakuwa na kosa, mtoto hakuwa na kosa, na baba naye alikuwa amefanya wajibu wake. Aliyekosa hakuwapo.

Neno witiri halikuwa geni kwa mtoto huyo. Mtoto wa pwani aliyepitia madrasa amelisikia katika sala ya witiri, ambayo rakaa zake hazigawanyiki kwa mbili. Istilahi hii ina mizizi katika maisha ya watu, ilhali tafsiri ya mashine haina mizizi popote.

Kosa la aina ya pili ni la hatari zaidi, kwa sababu halichekeshi, na kwa hiyo halionekani. Ni kuchanganya kigawo na kigawe. Kwa namba 12 na 18, Kigawo Kikubwa cha Shirika ni 6, na Kigawe Kidogo cha Shirika ni 36. Ukurasa mmoja tuliousoma uliyabadilisha maneno hayo mara mbili katika aya moja. Mtoto akiufuata ataandika 6 panapotakiwa 36, na hesabu yake yote ya kujumlisha sehemu itaharibika.

Walimu wengine hulalamika kwamba sisi waundaji wa istilahi ndio tuliowatega watoto kwa irabu moja. Lalamiko hilo lina uzito, lakini irabu hiyo haikuwekwa kwa kubahatisha. Kiambishi -o, katika maneno kama kifuniko na kizibo, huonyesha kitu kinachotenda kazi: kinachofunika, kinachoziba. Kigawo basi ni kile kinachogawa. 6 inagawa 12 na 18. Kiambishi -e, katika maneno kama mtume, mteule na kiumbe, huonyesha aliyetendwa: aliyetumwa, aliyeteuliwa, kilichoumbwa. Kigawe basi ni kile kinachogawanywa. 36 inagawanywa na 12 na 18. Ukurasa ambao ungemweleza mtoto hayo kwa sentensi mbili ungemfaa kuliko mifano kumi. Hatukuona hata mmoja uliofanya hivyo.

Kadhalika kipeo na kipeuo. Saba kwa kipeo cha pili ni 49, na kipeuo cha pili cha 49 ni 7. Mashine, isiyoyajua maneno hayo, huandika "nguvu ya pili" na "mzizi wa mraba", na mtoto hubaki akijiuliza mraba umeota wapi mizizi.

Istilahi za Sayansi

Katika Sayansi tutataja mambo mawili tu. La kwanza ni uzito na tungamo. Sokoni tunasema uzito wa mchele ni kilo mbili, na hakuna anayedhulumiwa. Lakini katika somo la Sayansi mtu mwenye tungamo la kilo 60 hulibeba tungamo hilo hilo hata akifika mwezini, ilhali uzito wake huko hushuka hadi karibu sehemu moja ya sita ya ule wa duniani. Ukurasa unaotumia "uzito" kwa yote mawili hauwezi kulieleza jambo hili, utajipinga wenyewe.

La pili ni seli. Baadhi ya kurasa huiita "kiini". Basi zinapofika kwenye sehemu ya katikati ya seli, ambayo ndiyo hasa kiini, hulazimika kusema "kiini cha kiini". Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilichapishwa mwaka 1990; hakuna sababu ya mwandishi wa leo kuanza upya gizani.

Msaada ni nini?

Neno "msaada" nalo linahitaji kuangaliwa. Katika kurasa dhaifu maana yake ni jibu tupu. Katika kurasa nzuri tumeona limegawanywa katika maneno matatu: dokezo, linalomwonyesha mtoto pa kuanzia; maelezo, yanayompitisha hatua kwa hatua; na jibu, linalokuja mwisho. Mgawanyo huu wa maneno ni mgawanyo wa malezi pia. Mwenye ukurasa asiye na neno dokezo kwa kawaida hana dokezo lenyewe.

Kwamba kazi njema inawezekana si jambo la kukisia. Kuanzia mwisho wa 2017 hadi 2019, programu za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu zilijaribiwa kwa vishikwambi katika vijiji vipatavyo 170 vya Mkoa wa Tanga, katika shindano la Global Learning XPRIZE. Lugha ilikuwa Kiswahili, na mtoto alitakiwa kuelewa bila ya mwalimu kusimama karibu naye. Washindi wawili, onebillion na Kitkit School, walitangazwa Mei 2019. Hapo kila neno lilipaswa kumfikia mtoto lenyewe.

Hatima

Ingekuwa rahisi kumaliza kwa kuilaumu mashine. Lakini mashine hutumia maandishi inayoyakuta, na maandishi mengi yenye istilahi sanifu tuliyafungia wenyewe katika vijitabu na makabati ya ofisi. Mtu anayetunga ukurasa wa watoto usiku wa manane hatapanda basi kuja kuomba orodha. Sisi maofisa wa istilahi tumekuwa hodari wa kusanifisha na wavivu wa kusambaza, na katika jambo hili lawama ya kwanza ni yetu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Istilahi za masomo yote ya shule ya msingi ziwekwe wazi katika intaneti, bila malipo, kwa umbo linaloweza kunakiliwa. Kila ukurasa wa watoto usomwe na mwalimu wa somo linalohusika kabla ya kutolewa. Na walimu watakaokuta neno linalopingana na kitabu cha darasani watuandikie, wakitaja neno hilo na mahali walipolikuta.

Mtoto hana muda wa kungoja vikao vyetu. Zoezi lake linakusanywa kesho asubuhi.