Tupa Unayo?

Katika viwanda vya chai vya Mufindi moshi haukatiki maadamu kuna jani la kukausha, na jani hukaushwa kwa kuni za mikaratusi. Kuni hizo hazichanjwi kwa shoka kama za jikoni. Hukatwa kwa msumeno wa mnyororo, ambao vijana wa huku huuita mashine tu, kana kwamba duniani hakuna mashine nyingine. Kila anayetaka kuingia katika kazi hiyo huanza na swali lile lile: ninunue ndogo au kubwa?

Namkumbuka fundi mmoja, mtu mzima, ambaye hakuwa akilijibu swali hilo. Alimtazama muulizaji, akamwambia, "Mwanangu, tupa unayo?"

Kumtazama akinoa kulikuwa na raha yake. Alikata mfereji mfupi juu ya gogo, akazima injini, akaupachika ubapa wa mashine humo ili usicheze, kisha akaketi. Alianza na jino lililochakaa kuliko yote, na hilo ndilo likawa kipimo. Mengine yote yalishushwa mpaka yakalingana nalo. Alijua kwamba meno ya kushoto yakiwa marefu kuliko ya kulia, mnyororo hukata kombo na ubapa hunasa ndani ya mti. Tupa ilisukumwa mbele tu, kutoka ndani ya jino kwenda nje, na ilinyanyuliwa kila alipoirudisha. Kila jino lilipata misukumo sawa, naye aliihesabu kwa midomo bila kutoa sauti. Upande mmoja ukiisha, alihamia ng'ambo ya gogo na kuanza upya. Pembe ilikuwa nyuzi 30 au karibu na hapo, lakini sikuwahi kumwona na kifaa cha kupimia.

Halafu kuna kile kinundu kilicho mbele ya kila jino. Wengi hawajui hata kazi yake. Kinundu ndicho kinachoamua jino lizame kiasi gani. Kisiposhushwa, jino linaweza kuwa kali kama wembe na bado lisiufikie mti. Kikishushwa kupita kiasi, mashine hushtuka na kumrukia mwenyewe. Kati ya ncha ya jino na kinundu pana tofauti ya kimo ya milimita 0.65 hivi. Fundi aliipapasa kwa ukucha wa kidole gumba, akatikisa kichwa, akaongeza msukumo mmoja wa tupa, akapapasa tena.

Alipowasha mashine, macho yake hayakuwa kwenye gogo. Yalikuwa kwenye kinachomwagika miguuni. Yakitoka maranda, anaendelea. Ukitoka unga, anazima na kuketi tena, hata kama lori linasubiri na dereva ananung'unika.

Wanaosimulia historia ya mashine hii hupenda kuanzia kwa Mjerumani Andreas Stihl, aliyetengeneza ya umeme mwaka 1926 na ya petroli mwaka 1929, zote za kushikwa na watu wawili. Sawa. Mimi huona jambo kubwa zaidi lilitokea msituni Oregon, Marekani, mwaka 1946, wakati mkata miti Joseph Cox alipoinama kumtazama buu aliyekuwa akila kisiki. Meno ya minyororo ya wakati ule yaliiga msumeno wa mkono, na kuyanoa kulikuwa adhabu. Buu yule alitafuna kushoto, akatafuna kulia, akapenya mti bila kuhangaika. Cox akabuni jino lililopinda, moja la kushoto na moja la kulia, na mwaka uliofuata akaanza kuuza minyororo ya aina hiyo. Meno tunayonoa leo ni uzao wake. Lililotakiwa kwetu ni kuyatunza tu.

Ndogo au kubwa, basi? Ndogo ina injini ya cc 30 hivi, uzito wa kilo 4, na ubapa wa sentimita 35. Upande wa pili kuna 070 ya Stihl, cc 105, inayopita kilo 10 kabla hujaifungia ubapa, na ile ya zamani haina hata breki ya mnyororo. Hiyo ni mashine ya kupasulia mbao. Kuikatia kuni za kipenyo cha sentimita 20 ni kuchosha mgongo bure, na mtetemo wake wa kutwa hufisha vidole ganzi mpaka vikapauka. Mwenye kukata kuni za nyumbani, au za jiko la shule mara moja moja, ndogo inamtosha sana. Anayekatia kiwanda kutwa nzima anahitaji ya kati iliyojengwa kwa kazi, yenye kasha la injini la magneziamu badala ya plastiki, na mpira au springi za kuzuia mtetemo. Zaidi ya hapo ni majivuno, na nimeyaona mengi: mtu anatamba kwa cc kama anayetamba kwa gari, huku mnyororo wake butu unaunguza mti.

Gogo lenyewe pia linasomwa. Likiegemea ncha zote mbili, juu linabana na chini linaachama, kwa hiyo fundi alikata kidogo juu, kisha akamalizia kwa chini. Mkaratusi aliukata ungali mbichi, kwa sababu ukikauka hugeuka jiwe. Wala hakuacha mnyororo uguse udongo. Mguso mmoja tu, na kazi yote ya tupa imepotea.

Siku hizi vijana hulipwa kwa mita ya ujazo, na saa ya kunoa hakuna anayeilipia. Wanakandamiza mashine kwa nguvu za mabega, ubapa unafuka moshi, mnyororo unatupwa jino likiwa bado na nusu ya uhai wake. Mashine zenyewe nyingi ni nakala, zimeigwa rangi hadi jina, na hazimalizi msimu. Karibuni niliingia duka moja la vifaa Mafinga, lenye mashine ukuta mzima, nikaomba tupa ya mviringo ya milimita 4. Kijana wa kaunta akainama, akatafuta sana, akaniwekea ya pembetatu, ya kunolea mapanga.

"Ya mviringo huwa haiulizwi, mzee," akasema. "Cheni mpya ninazo. Nikupe ngapi?"