Kona Ina Pembe

Nikiwa kidato cha pili huko Makueni, niliandika insha ya safari. Gari lilikata kona, mbuzi akatokea, dereva akafunga breki, sote tukapiga kelele. Insha ilirudi na mduara mwekundu kwenye neno moja tu: kona. Kando yake mwalimu alikuwa ameandika kwamba hilo si Kiswahili, nitumie "pembe". Nikaisoma upya sentensi yangu vile alivyotaka: gari likakata pembe. Yaani gari langu lilikuwa limegeuka jangili.

Nilicheka, lakini alama zangu zilikuwa zishaenda. Na si alama tu. Sisi wa Ukambani tumezoea kuambiwa kwamba Kiswahili ni cha watu wa pwani, sisi tunakiazima tu, kwa hivyo tukiazime kwa adabu. Ule mduara uliniambia kitu hicho hicho: hata ukikosea, unakosea kwa neno la wizi.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa chuoni, kabla karo haijanishinda na kunirudisha nyumbani. Siku moja nikijificha maktaba badala ya kuingia darasani, nilikutana na neno la Kiingereza ambalo Waingereza wenyewe wameshalisahau: herne. Wengine waliliandika hirne, wengine hurne. Kwenye Kiingereza cha zamani kabisa lilikuwa hyrne, na maana yake ni kona. Limetokana na horn, yaani pembe ya mnyama. Nikakaa kitako. Wale watu walikuwa wameangalia mahali kuta mbili zinapokutana wakaona pembe ya ng'ombe, vile vile Mswahili alivyoona. Hawakuulizana. Bahari nzima iko katikati yao, na lugha zao hazina undugu wowote.

Herne lilikuwa neno la kazi nyingi. Lilikuwa kona ya nyumba na kona ya barabara. Lilikuwa pia kipande cha ardhi kilichochongoka, mahali mto unapojipinda. Watu walisema "kila herne" wakimaanisha kila mahali, kama msomaji wa habari anavyosema leo "kila kona ya nchi". Polepole likachukua maana ya maficho. Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alilitumia kwenye hadithi zake za Canterbury, na mahali pamoja waliojibanza kwenye hizo herne ni wezi wa viungani mwa mji. Ukiwa umewahi kupita stendi usiku simu ikiwa mfukoni, hiyo picha huhitaji kutafsiriwa.

Sasa skiza mambo yalivyoenda. Mwaka 1066 Wanormani walivamia Uingereza, na Kifaransa chao kikawa lugha ya mahakama na ya wakubwa. Pamoja na hicho Kifaransa likaja corner, neno lenye asili ya Kilatini: cornu. Na cornu ni nini? Ni pembe! Tena wataalamu wa lugha wanajua kwamba cornu na horn ni watoto wa shina moja la kale. Kwa hivyo Waingereza walimfukuza mtoto wao wa kuzaa, wakamkaribisha binamu yake aliyekuja na nguo nzuri. Herne leo imebaki kwenye majina ya mahali kama Guyhirn, kijiji cha Cambridgeshire. Watu wanalitaja kila siku bila kujua wanasema nini.

Halafu huyo binamu akapanda meli akaja kwetu. Alikuja na Waingereza, na barabara zao, na mpira wao. Tukamvua viatu, tukampa vokali mwishoni, akawa kona. Ukisema "nishushe hapo kona" kwenye matatu ya Wote, unamwambia makanga kwamba unataka kushukia penye pembe, ile ile mwalimu wangu aliyoitaka. Imepita Roma, ikapita Ufaransa, ikapita London, ikafika Makueni imechoka, na mtu akaichorea mduara mwekundu.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaosema kona ni uchafu wa kufagia. Kwanza, kamusi za siku hizi zinaiweka bila aibu. Pili, inafanya kazi ambayo pembe haikuwahi kuifanya. Pembe ni kitu kilichotulia: pembe ya meza, pembe ya chumba, pembetatu ya darasa la hesabu. Kona inatembea. Barabara ina kona. Mchezaji anapiga kona. Watanzania wana mtu aliyekula kona, yaani ametoweka kabla deni halijamfikia. Mwambie huyo amekula pembe uone kama utaeleweka.

Lakini wale wanaosema basi pembe izikwe, ni neno la kizee, nao nina shida nao. Hapa Kitui, pembe lilikuwa neno la jasho. Karne ya 19 misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa, mabegani, siku baada ya siku, kwenye nyika isiyo na maji. Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, alikuwa na jina hadi pwani. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alikuwa mgeni wake mwaka 1849, na ni kutoka Kitui ndipo Krapf aliuona Mlima Kenya. Mwaka 1851 walisafiri tena pamoja kuelekea mto Tana, wakashambuliwa njiani, Kivoi akauawa. Krapf aliponea. Baadaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882.

Hebu fikiria hapo. Tunaambiwa Kiswahili tunakiazima. Lakini yule mbebaji aliyeshusha mzigo Mombasa akajadiliana bei alikuwa analijua neno pembe kwa uzito wake, kwa kidonda cha begani. Aliyetuzuia kulimiliki ni nani?

Kuna kitu kingine ambacho kona haikukibeba, na hiki ndicho kinachonigusa zaidi. Kutokana na pembe tumepata pembeni, na pembezoni. Mtu akiondolewa kwenye mambo, amewekwa pembeni. Kaunti zetu zikizungumziwa, ni maeneo ya pembezoni: ukame, maji, misaada, basi. Hata kwenye fasihi tuko huko. Ukituma hadithi inayotokea Mutomo, utaombwa uielezee Mutomo kwanza. Hadithi ya Nairobi haiombwi kuielezea Nairobi.

Ila lugha ilishaliona hili kabla yetu. Kona ina pande mbili. Ukiwa ndani ya nyumba, ni maficho: mahali pa ufagio, mahali pa mtoto aliyeadhibiwa, mahali pa wezi wa Chaucer. Ukiwa nje, kona hiyo hiyo imechongoka, inakuja kwako kama fahali. Walioiita pembe na walioiita herne walianzia nje. Waliona kitu kinachosukuma mbele, si kitu kilichosahauliwa nyuma. Maana ya maficho ilikuja baadaye, ilipoangaliwa na waliokaa katikati ya chumba.

Susu yangu, ambaye hakusoma hata darasa moja, ana mbuzi sita. Nilipomuuliza kwa nini anamfunga yule beberu mbali na wengine, alinijibu kwamba mwenye pembe huwekwa pembeni. Alisema kwa Kikamba, ule mchezo wa maneno nimeuongeza mimi kwa Kiswahili. Lakini maana ni yake.

Kwa hivyo nitaendelea kuandika kona pale gari linapopinda, na pembe pale ninapotaka mtu adungwe. Yote mawili ni yangu. Na mwalimu wangu, popote alipo, namwachia swali moja la heshima: kama kona si Kiswahili kwa sababu ilitoka mbali, na pembe ilifika Mombasa kwa mabega ya babu zetu, mbona zote mbili nilinyimwa?