Mahojiano ya Redio na Kiswahili cha Wanamuziki

Wahakiki wetu wamezoea kuchambua nyimbo za Les Wanyika, bendi iliyojitenga na Simba Wanyika mjini Nairobi mwaka 1978, na kuyapuuza mahojiano yake ya redio. Wimbo umesanifiwa, katika mahojiano msemaji husita, hujisahihisha, na lafudhi ya Tanzania hukutana na Kiswahili cha Nairobi. John Ngereza alifariki mwaka 1999; hatahojiwa tena. Basi aliyeyarekodi mahojiano hayo kwa kaseti nyumbani kwake, iwe Kitengela au Kajiado mjini, ameshika ushahidi wa kiisimu, na utepe wa kaseti hauna subira. Kwa maoni yangu kunukuu maneno peke yake hakutoshi, hasa mnukuzi anapoyasanifisha: hapo tunamsoma mnukuzi, Ngereza ametoweka. Sauti yenyewe ihifadhiwe kwanza, na vikohozi visikatwe.