Burashi ya Sahibdin

Mchoraji apewapo hadithi ya dini isiyo yake, hujaribiwa kwa mambo mawili: ustadi wa mkono wake na uadilifu wa moyo wake. Aweza kuidhihaki hadithi hiyo. Aweza kuimaliza upesi apate ujira wake. Au aweza kuitafakari mpaka imfungulie mlango. Sahibdin, Mwislamu aliyefanya kazi Udaipur katika nchi ya India, alishika njia ya tatu.

Rana Jagat Singh wa Kwanza, mtawala wa Mewar aliyekuwa wa dini ya Kihindu, aliagiza Ramayana inakiliwe na kupambwa kwa picha ndogo za rangi. Utenzi huo wa kale wasimulia habari za Rama, ambaye mkewe, Sita, alitekwa na Ravana, mfalme wa Lanka. Kazi ilifanywa baina ya mwaka 1649 na 1653. Picha zilizosalia zapata 400, na nyingi zimehifadhiwa katika maktaba ya taifa ya Uingereza, London. Zile za kitabu cha vita ni za Sahibdin.

Tutazame ukurasa mmoja. Indrajit, mwana wa Ravana, anawafunga Rama na nduguye Lakshmana kwa mishale inayogeuka nyoka. Atafutaye tukio moja atababaika, maana Indrajit yumo zaidi ya mara moja katika karatasi ile ile: anashauriana na babaye, kisha yumo katika gari la angani akipiga mishale. Ndugu wawili wamelala wamefungwa, na Sita anapitishwa hewani auone msiba wao. Wakati umetandazwa kama mkeka, na jicho hutembea juu yake hatua kwa hatua.

Kijana wa Garissa asione ajabu. Katika gabay, shairi tukufu la Wasomali, sauti moja ya mwanzo wa neno hurudi katika kila nusu ya mstari tangu mwanzo hata mwisho, na sikio huishika kama mteka maji ashikavyo kamba ya kisima. Umbo la Indrajit hulifanyia jicho kazi hiyo. Kila lirudipo, kisa husogea mbele.

Kazi hii ina upungufu wake. Nyuso nyingi zimechorwa upande na hufanana mno, hata huzuni ya Sita husomeka zaidi katika mahali alipowekwa kuliko usoni pake. Asiyekijua kisa hupotea njia. Walakini uadilifu haukupungua: Rama aliyeanguka hakunyimwa heshima yake, na Ravana aliye adui hakunyimwa ufalme wake.

Yuko atakayeuliza, Mwislamu ana shughuli gani na visa vitakatifu vya wengine? Swali hilo si geni Kaskazini Mashariki ya Kenya, na jibu lake limepata kugharimu roho za watu. Tarehe 2 Aprili 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, wanafunzi waliulizwa dini yao mbele ya mtutu wa bunduki, na watu 148 wakauawa. Desemba ya mwaka huo huo, karibu na El Wak katika Kaunti ya Mandera, wenye silaha walilishambulia basi, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na wenzao Wakristo. Imani yao haikupungua kwa tendo lile. Miaka zaidi ya 360 yawatenga na mchoraji wa Udaipur, lakini walilijua alilolijua yeye: mtu aweza kusimama imara katika dini yake na bado akakilinda kilicho azizi kwa jirani.

Basi msomaji apatapo nakala ya picha hii, asiipitie kwa haraka. Amfuate Indrajit kutoka jumba la babaye hadi vitani, kisha ainue macho kwa Sita. Hapo atakuwa ameisoma kama Sahibdin alivyotaka isomwe.